Siku 28 za Mwanzo: Kwa Nini Asidi ya Foliki Ianze Kabla ya Mimba

Nilipokuwa daktari kijana katika wodi ya wazazi, nilimhudumia mama mmoja aliyejifungua mtoto mwenye mgongo wazi. Mtoto alipelekwa kwa wapasuaji, nami nikamaliza kazi yangu kama nilivyofundishwa: mshono ulikuwa safi, shinikizo la damu lilikuwa la kawaida, kadi ilijazwa. Mama akaruhusiwa kwenda nyumbani. Baada ya miaka miwili hivi nilimkuta tena, akiwa na ujauzito wa miezi saba, na kipimo cha altrasaundi kikaonyesha kwamba mtoto huyu naye alikuwa na tatizo lile lile, safari hii kubwa zaidi. Aliniuliza swali moja tu: je, kulikuwa na jambo ambalo angeweza kulifanya? Jibu lilikuwa ndiyo, na mtu aliyepaswa kumwambia jambo hilo miaka miwili kabla alikuwa mimi.

Mama huyo hakuwa mzembe. Kadi yake ya kliniki ilionyesha kwamba tangu mwezi wa tano wa ujauzito alikuwa akipewa vidonge vya kuongeza damu, vile vyenye madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki, ambavyo wahudumu tunaviita FEFO. Alivimeza vyote. Ila vilimfikia takriban miezi mitatu baada ya kupita kwa wakati ambao asidi ya foliki ingeweza kuusaidia mgongo wa mtoto wake. Tofauti hii ya wakati ndiyo kiini cha makala haya, kwa sababu naona bado haijaeleweka vya kutosha, si kwa wagonjwa tu bali hata kwetu sisi tunaowahudumia.

Vitamini ya majani

Foleti ni mojawapo ya vitamini za kundi B. Wataalamu huiita vitamini B9. Jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani, kwa kuwa mwaka 1941 watafiti wa Marekani waliitenga kutoka katika tani nne za majani ya spinachi. Asidi ya foliki ni umbo la vitamini hiyo linalotengenezwa kiwandani. Ni imara zaidi kuliko foleti ya kwenye chakula, haiharibiki upesi kwa joto, na utumbo huifyonza kwa urahisi zaidi.

Kazi yake mwilini ni ya msingi sana. Kila mara seli inapotaka kugawanyika na kuwa mbili, ni lazima kwanza inakili vinasaba vyake vyote, na kunakili huko hakuwezekani bila foleti. Kwa hiyo upungufu wa foleti huonekana kwanza mahali ambapo seli hugawanyika kwa kasi. Kwa mtu mzima mahali hapo ni kwenye uboho wa mifupa, ambako damu hutengenezwa: chembe nyekundu zinashindwa kukomaa, zinabaki kubwa na chache, na mgonjwa anapata upungufu wa damu. Kwa mjamzito mahitaji ni makubwa zaidi, maana anajenga mwili wa mtu mwingine, anajenga kondo la nyuma, na damu yake mwenyewe inaongezeka.

Ni upungufu huo wa damu uliotufungulia njia. Mwishoni mwa miaka ya 1920 daktari Mwingereza, Lucy Wills, alikwenda Bombay, India, kuchunguza kwa nini wajawazito maskini, wakiwemo wafanyakazi wa viwanda vya nguo, walikuwa wakipata upungufu mkali wa damu. Aliona kwamba wale waliokula vizuri hawakuupata. Mwaka 1931 alitangaza kwamba rojo la hamira, lile linalouzwa kwa jina la Marmite, liliwaponya. Kitu kilichokuwa ndani ya rojo hilo hakikujulikana bado. Baadaye ndipo ilipofahamika kuwa ni foleti. Tangu hapo vitamini hii imehusishwa na damu, na hapo ndipo lilipoanzia kosa letu. Kwa kuwa tuliijua kama dawa ya damu, tukaiweka kwenye kidonge kimoja na chuma, tukakipeleka kliniki ya wajawazito, tukadhani tumemaliza.

Hesabu ya siku

Ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huanza kama utando bapa mgongoni mwa kiinitete. Kingo mbili za utando huo hunyanyuka, hujikunja kuelekeana, kisha hukutana na kuungana, mithili ya jamvi linalokunjwa na kushonwa likawa mrija. Mrija huo huitwa mrija wa neva. Kuungana huanza sehemu ya shingo takriban siku ya 22 baada ya mimba kutungwa, na kutoka hapo huenda juu na chini. Ncha ya kichwani hufunga kwenye siku ya 25 hivi, na ncha ya chini hufunga kwenye siku ya 28. Wakati huo kiinitete hakijafikia hata urefu wa punje ya mchele.

Iwapo ncha ya juu haikufunga, ubongo na fuvu havitajengeka, na mtoto wa namna hiyo hawezi kuishi. Iwapo ni sehemu ya chini iliyobaki wazi, mtoto huzaliwa na mgongo wazi: pingili za mgongo hazikufunika uti, na mara nyingi neva zimejitokeza nje katika uvimbe laini. Wengi wa watoto hao hupata pia kichwa kikubwa kutokana na maji kujaa kwenye ubongo, na wanaopona huweza kuishi na udhaifu wa miguu na kushindwa kuzuia haja. Upasuaji hufunga jeraha na kuyapunguza maji ya kichwani, lakini hauzirudishi neva zilizokwisha kuharibika. Hapa Tanzania wazazi wengi husafiri mbali sana kuwaleta watoto hawa Muhimbili kwa upasuaji, na safari hiyo huwa ni mwanzo tu wa gharama.

Sasa tuhesabu kwa kalenda. Tuseme mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28 aliona hedhi yake ya mwisho tarehe 1 Machi. Yai hupevuka karibu na tarehe 14, na mimba hutungwa tarehe 14 au 15. Hedhi inayofuata ilitarajiwa tarehe 29 Machi, haikuja. Mrija wa neva unamaliza kufunga tarehe 11 au 12 Aprili. Yaani tangu siku aliyoanza kujiuliza “mbona sijaona siku zangu?” hadi mgongo wa mtoto kukamilika, ni wiki mbili tu. Katika wiki hizo wengi wetu tunadhani ni uchovu, au ni malaria, au hedhi imechelewa kwa sababu ya msongo wa mawazo. Wengine tayari wanajua, lakini mila inawataka wanyamaze hadi mimba “ishike”.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka mjamzito ahudhurie kliniki kwa mara ya kwanza kabla ya kutimiza wiki 12. Ni ushauri mzuri kwa mambo mengi. Kwa mrija wa neva, hata hivyo, mama anayefuata mwongozo huo kikamilifu na kufika wiki ya 11 amechelewa kwa wiki tano. Kwa hiyo tunapowaambia wanawake “waanze kliniki mapema” na kudhani tumelishughulikia tatizo la mgongo wazi, tunawaambia jambo jema kwa sababu isiyo sahihi.

Ushahidi

Madaktari wa Liverpool, Hibbard na Smithells, walidokeza mwaka 1965 kwamba huenda upungufu wa foleti unahusika na kasoro hizi. Ilichukua zaidi ya miaka 25 kulithibitisha. Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza liliandikisha wanawake 1,817 katika vituo 33 vya nchi 7, wote wakiwa wamewahi kupata mimba yenye kasoro ya mrija wa neva na wote wakitarajia kushika mimba tena. Baadhi walipewa miligramu 4 za asidi ya foliki kila siku kuanzia kabla ya mimba, wengine hawakupewa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati mwaka 1991, kwa kuwa haikuwa haki tena kuwanyima wengine: kati ya mimba 1,195 ambazo matokeo yake yalijulikana, 27 zilikuwa na kasoro, na kati ya hizo 6 tu zilikuwa za wanawake waliopewa asidi ya foliki. Kinga hiyo ni ya asilimia 72. Mwaka uliofuata, huko Hungaria, Czeizel na Dudás walionyesha kwamba hata mwanamke ambaye hajawahi kupata tatizo hili hunufaika. Katika kundi lililopewa mchanganyiko wa vitamini wenye miligramu 0.8 za asidi ya foliki hapakuwa na mtoto hata mmoja mwenye kasoro hiyo. Katika kundi la pili walikuwa 6.

Asilimia 72 si asilimia 100, na hili nalisema kwa makusudi. Zipo kasoro zinazotokana na urithi, na kisukari kisichodhibitiwa, au na baadhi ya dawa, na hizo asidi ya foliki haizizuii zote. Mama aliyemeza vidonge vyake kwa wakati na bado akapata mtoto mwenye mgongo wazi hana kosa. Wala yule ambaye hakuvimeza hana kosa, ikiwa hakuna aliyemwambia. Nimeona ndoa zikivunjika na wanawake wakipelekwa kwa waganga ili “aliyemroga” ajulikane. Familia hizo zingesaidiwa sana na mhudumu ambaye angetenga dakika kumi za kuwaketisha mume na wakwe na kuwaeleza jinsi mrija wa neva unavyofunga.

Mboga, unga na mashine ya kusaga

Wagonjwa huniuliza: je, chakula hakitoshi? Mchicha, matembele, kunde, maharage, choroko, mbaazi, karanga, parachichi na machungwa vyote vina foleti. Shida ni mbili. Kwanza, foleti ya chakula huyeyuka majini na kuharibika kwa moto. Mchicha unaochemshwa sana kisha maji yake yakamwagwa huwa umepoteza sehemu kubwa ya vitamini hiyo. Pika mboga kwa muda mfupi, kwa maji kidogo, na supu yake usiimwage. (Kisamvu nakitoa katika ushauri huu. Ni lazima kitwangwe na kupikwa vizuri, maana kina sumu inayoondoka kwa mapishi hayo.) Pili, hata kwa mapishi mazuri, ni vigumu kwa mlo wa kawaida pekee kufikia kiwango kinacholinda mimba kwa uhakika. Kwa hiyo chakula bora ni msingi, na kidonge huongezwa juu yake.

Baadhi ya nchi ziliamua kutomsubiri mwanamke aje kituoni; ziliipeleka vitamini kwenye unga. Marekani na Kanada zililazimisha jambo hilo mwaka 1998, Afrika Kusini mwaka 2003, na kote huko idadi ya watoto wenye kasoro hizi ilishuka. Tanzania ilitoa kanuni zake mwaka 2011, na Kenya ikafuata mwaka 2012 kwa unga wa ngano na wa mahindi unaofungashwa. Kwangu mimi huu ndio ufumbuzi ulio bora kuliko wote, kwa sababu humfikia hata msichana ambaye hakupanga kushika mimba. Lakini unga unaoongezwa virutubishi ni ule wa viwanda vikubwa. Familia ya kijijini inayobeba debe la mahindi hadi kwenye mashine ya kusaga ya jirani inarudi na unga usioongezwa kitu, na ikichagua sembe iliyokobolewa badala ya dona, inapoteza hata kile kidogo kilichokuwamo kwenye punje. Vipo vifaa vidogo vya kuchanganya virutubishi ambavyo vimeanza kufungwa kwenye baadhi ya mashine hizo, na ningependa kuviona vikienea. Mnunuzi wa dukani naye atazame kwenye mfuko kama pameandikwa kwamba unga umeongezwa virutubishi.

Mlango usiotumika

Wahudumu wenzangu wa afya, nauliza: mwanamke anayetaka kushika mimba tunamwona wapi kabla hajashika? Wengi hujibu kwamba hatumwoni. Si kweli. Tunamwona siku anapokuja kuondolewa kijiti au kitanzi. Amekuja mwenyewe, kwa miguu yake, kutuambia kwamba anataka mtoto. Nasi tunakiondoa, tunafunga bandeji, tunamwambia kwaheri. Siku hiyo, katika chumba hicho cha uzazi wa mpango, ndipo panapostahili kuwa na kopo la asidi ya foliki. Tunamwona pia kliniki ya watoto anapomleta mwanawe wa miaka miwili kupimwa uzito, kliniki ya kifafa, kliniki ya kisukari, kliniki ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na kwenye duka la dawa anaponunua kipimo cha mimba.

Kiwango kwa mwanamke wa kawaida ni mikrogramu 400, yaani miligramu 0.4, kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba, na ikiwezekana miezi mitatu, kwani akiba ya mwili hujengeka polepole. Aendelee hadi wiki ya 12, kisha aendelee na vidonge vya FEFO hadi mwisho wa ujauzito kwa ajili ya damu yake. Aliyewahi kupata mimba yenye kasoro ya mrija wa neva, au mwenye kasoro hiyo yeye au mwenzi wake, pamoja na mwenye kisukari na anayetumia baadhi ya dawa za kifafa, huhitaji miligramu 5 kwa siku katika kipindi hicho hicho, kwa maelekezo ya daktari. Kwa aliyewahi kupata mtoto mmoja wa namna hiyo, uwezekano wa kumpata mwingine bila kinga ni takriban 2 hadi 3 katika kila mimba 100.

Hapo pana mtego ambao ni wa nchi zenye malaria. Dawa ya SP, tunayompa mjamzito ili kumkinga na malaria, hufanya kazi kwa kumnyima kimelea foleti. Asidi ya foliki ya miligramu 5 kwa siku hupunguza nguvu ya SP. Ile ya miligramu 0.4 haileti tatizo hilo. Katika maduka mengi ya dawa kidonge kinachopatikana kwa urahisi ni kile cha miligramu 5, na nimekuta wajawazito wengi wakikimeza mwezi wa sita na wa saba pamoja na SP. Suluhisho ni rahisi ukifuata kalenda: SP huanza baada ya wiki 12, na kipindi cha miligramu 5 huisha wiki ya 12. Badilisha dozi hapo, na dawa hizo mbili hazitakutana. Mwenye selimundu, ambaye kwa kawaida hutumia miligramu 5 maisha yake yote, apangiwe kinga ya malaria na daktari wake. Na mwanamke anayetumia kotrimoksazoli kwa sababu ya virusi vya UKIMWI hapewi SP kabisa.

Kuhusu dawa za kifafa, valproeti ndiyo yenye hatari kubwa kwa mrija wa neva. Mama asiiache ghafla kwa hofu, kwani degedege la ghafla laweza kumuua. Aje kabla ya mimba ili daktari aangalie kama kuna dawa nyingine ya kumfaa. Methotreksati ni jambo jingine: kuongeza asidi ya foliki hakuifanyi iwe salama kwa mimba, na anayeitumia sharti apate uzazi wa mpango. Wanaotumia dolutegraviri bado huniuliza kuhusu habari za mwaka 2018 kutoka Botswana, zilizohusisha dawa hiyo na kasoro za mrija wa neva. Utafiti huo huo ulipoendelea na kupata mimba nyingi zaidi, tofauti hiyo ilitoweka, na tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa wanawake wa umri wa kuzaa kama kwa watu wengine.

Baadhi ya akina mama huacha vidonge kwa kuamini kwamba “vinamkuza mtoto” na watapasuliwa. Havimkuzi mtoto kupita kiasi. Kichefuchefu na choo cheusi hutokana na chuma, si asidi ya foliki, hivyo kidonge cha foliki peke yake, kinachotumika kabla ya mimba, kwa kawaida hakina usumbufu huo. Tahadhari moja kwa wahudumu: dozi kubwa ya muda mrefu huweza kurekebisha damu ya mtu mwenye upungufu wa vitamini B12 huku neva zake zikiendelea kuharibika. Anayelalamika ganzi ya miguu achunguzwe kwanza.

Na wewe unayesoma ukiwa tayari na mimba ya miezi mitatu au minne, na hukuwahi kusikia haya, usikate tamaa. Watoto walio wengi mno huzaliwa wakiwa na mgongo uliofunga vizuri. Nenda kliniki, omba altrasaundi kama inapatikana, na meza vidonge vyako vya damu.

Mimi siku hizi, kabla sijatia saini karatasi ya kumruhusu mama aliyejifungua mtoto mwenye mgongo wazi, naandika juu yake kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa: “Asidi ya foliki miligramu 5 kila siku, kuanzia miezi mitatu kabla ya mimba ijayo. Ukifika wiki ya 12, badilisha.” Kisha namwomba mumewe, au dada yake aliyekuja kumchukua, anisomee kwa sauti.